Makala za Wageni Zinanichosha

Kijarida chetu cha mtaa hapa Buruburu, Nairobi, kina kurasa nne tu, na kila toleo lazima nikatalie mtu. Anakuja na "makala ya bure kwa wasomaji wako". Unasoma aya ya kwanza, umuhimu wa kuwa na kwako. Ya pili, kustaafu bila presha. Kisha inakuja yenyewe: ploti Ruai, hati tayari, piga namba hii. Wa juzi nilipomwomba namba ya hati ili nitafute rekodi kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi uliozinduliwa 2021, hakushika simu yangu tena.

Wanaonikera zaidi ni wale wanaolalamika kwamba nawabania watu nafasi. Si kweli. Jirani akiniletea habari za bomba lililopasuka nyuma ya nyumba yake, nachapa, hata sentensi zikiwa zimepinda. Kuzinyoosha ni kazi yangu. Msomaji anajua atakutana na mwandishi huyo kituo cha matatu, amuulize. Huyu wa ploti ataulizwa wapi? Na mgeni akimchafulia mtu jina, Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, haimtazami yeye pekee. Mimi niliyechapisha pia nashtakiwa.

Toleo lijalo, kabla sijapeleka kurasa River Road zichapwe, nataka jina kamili, unakoishi, na unachouza kama unauza. Asiyetaka kusema alipie tangazo ukurasa wa nyuma, fundi wa viatu hulipia lake kila mara.