Beti ama Deni? Kile Tunaruka Kila Mara Kijana Akijitoa Uhai

Kila mara kijana akijitoa uhai huku Kisumu na ikasemekana alikuwa anabeti, mabishano inaanza hata kabla matanga iishe. Wengine wanasema fungeni hizi kampuni zote zimetumalizia watoto, wengine wanajibu wacheni kusingizia beti, huyo hakuwa na kazi na alikuwa na mawazo mingi, na ni watu wangapi pale Kondele wanaweka mkeka, yaani tiketi ya beti, ya mia kila Jumamosi na Jumatatu wako kwa boda kama kawaida? Mimi naona kila upande uko na ukweli wake, lakini wote wanaruka pahali penyewe panauma.

Wale wa kufunga si watu wa makelele tu. Kuna utafiti wa Sweden wa 2018 uliofuatilia watu zaidi ya 2,000 waliopatikana na ugonjwa wa kamari, na vifo vya kujiua kati yao vilikuwa karibu mara 15 kuliko kwa watu wengine. Na ni ugonjwa kweli, Shirika la Afya Duniani limeuweka kwa orodha yake, kwa hivyo kumwambia mtu "jikaze tu uwe na disiplini" ni kama kuambia mwenye malaria aache kutetemeka. Halafu mchezo wenyewe umebadilika. Mkeka ya mpira angalau unangoja dakika 90, lakini hii ya ndege, Aviator, raundi inaisha kwa sekunde, ukichomeka ingine ishaanza, akili haipati nafasi ya kupoa.

Lakini tuwe wakweli, hao wa Sweden ni watu walikuwa wamefika mpaka mikononi mwa madaktari, si kila mtu anabeti, na waliokuwa na depresheni ndio walikuwa hatarini zaidi. Na kufunga tulishajaribu. 2019 serikali ilikataa kuongeza leseni za kampuni za beti SportPesa na Betin, watu wakapoteza kazi, timu za mpira Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki bila sponsa, na watu hawakuacha kubeti, walihamia kampuni zingine.

Sasa angalia statement ya M-Pesa ya mtu ameingia ndani kabisa. Saa nane usiku 50, dakika mbili baadaye 100, halafu 200, halafu hapo katikati loni ya simu 3,000 imeingia, halafu 500, 500, 1,000, zote paybill ile ile mpaka imeisha. Asubuhi abiria wa kwanza akilipa kwa simu Fuliza, ile overdraft ya M-Pesa, inakula hiyo pesa kabla jamaa aweke mafuta. Hasara ya beti mtu anaweza kuimeza. Kinachomfinya ni kwamba hiyo ilikuwa pesa ya chama ama fee ya mtoto, bibi hajui, na wenye loni wameanza kupiga. Kuna app zilikuwa zinapigia mpaka shemeji na mkubwa wako wa kazi kukuaibisha, ndio kanuni za Benki Kuu za 2022 zikakataza. Mtu kama huyo anaanza kuona familia itakuwa afadhali bila yeye, na si kweli, lakini kwa sababu deni ni siri hakuna mtu wa kumwambia si kweli.

Kwa hivyo mimi ningefunga mlango kati ya loni na beti kwanza. Uingereza ilikataza kubeti kwa kredit kadi Aprili 2020. Kwetu ni ngumu kidogo kwa sababu loni ikishaingia M-Pesa inaonekana tu kama pesa yako, lakini hata kuichelewesha isiende kwa akaunti ya beti mpaka kesho yake ingesaidia. Najua kuna watasema watu wazima wasichungwe, na kwamba mtu atakimbilia shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani. Sawa, wengine watakimbilia. Lakini shailoki hakupi pesa saa nane usiku ukiwa kitandani, na hizo ndizo saa mbaya.

Nyumbani nako, acheni kuuliza "bado unabeti?" kwa sababu atakataa. Uliza deni ni ngapi na ni za nani, na ukiona amekata tamaa muulize wazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumtilii hiyo wazo kichwani. Zamani watu waliogopa kusema kwa sababu kujaribu kujiua ilikuwa jela mpaka miaka 2, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua hicho kipengele kinakiuka Katiba. Namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199, haikatwi pesa, na hata wewe ndugu unaweza kupiga. Na familia mkiamua kumsaidia na madeni, msimpe cash mkononi, tumeni moja kwa moja kwa anayedai, muanze na ile ya chama, kwa sababu hao ndio atakutana nao kila siku.