Kipepeo wa kwenye pini anatosha kutuambia ni nani?

Wiki iliyopita pale Capri Point, Mwanza, dogo mmoja anayesoma baiolojia alinionyesha picha kwenye simu, kipepeo wa rangi ya chungwa, ncha za mabawa nyeusi zina madoa meupe, akasema huyu Danaus chrysippus, imeisha hiyo, hakuna haja ya kuua mdudu na kumchoma pini. Mwalimu wake akakataa, anasema kama huna mdudu mwenyewe mkononi hujathibitisha kitu. Nimekaa na huo ubishi siku kadhaa na naona wote wana hoja, ila kila mmoja kuna mahali anakosea.

Ishu ni kwamba jike wa Hypolimnas misippus naye yuko hivyohivyo. Danaus ana sumu, anaitoa kwenye majani aliyokula akiwa kiwavi, ndege wanamkwepa, basi huyu jike kaiga sura yake apone. Dume wake sasa ni mweusi, ana madoa makubwa meupe yenye kingo za zambarau, ukiwaona huwezi kuamini ni mume na mke. Bawa la nyuma ndo linawatenganisha, misippus ana doa moja jeusi ukingo wa mbele na Danaus ana kadhaa katikati, lakini kwenye picha ya dogo bawa hilo lilifichwa na nyasi. Angekuwa na mdudu angemgeuza tu akaangalia. Hapo nampa mwalimu.

Lakini hao wa kwenye pini nao walishatupoteza sana. Papilio dardanus dume ni wa njano ana mikia, majike wake wengi hawana mikia na kila mmoja kaiga kipepeo tofauti mwenye sumu, basi wataalamu wa Ulaya wakifungua maboksi yaliyotoka Afrika wakawapa majina kama spishi mbalimbali, hippocoon, cenea, trophonius. Mpaka 1869 Roland Trimen, aliyekuwa anaishi Afrika Kusini na kuwaona wakiwa hai, akaandika kwamba hawa wote ni spishi moja.

Tusiseme basi makumbusho hayana akili, hapana. Vipepeo wa Pseudacraea eurytus wa Ziwa Victoria kwetu walikuwa na majina kibao hivyohivyo, na Karl Jordan akiwa kwenye makumbusho ya Tring, Uingereza, alichunguza viungo vyao vya uzazi akaona havina tofauti, akasema ni spishi moja. Aliyekuja kuthibitisha ni Hale Carpenter, daktari wa malale kwenye visiwa vya Ssese upande wa Uganda, alifuga kutoka mayai ya mama mmoja wakatoka watoto wa sura tofauti. Yaani mmoja na maiti, mwingine na mayai, wakafika palepale. Huu ndo mfano ninaoupenda kuliko yote.

Siku hizi watu wanakimbilia DNA, unakata mguu mmoja wa kipepeo wa zamani unasoma kipande kifupi. Inasaidia kweli, ila 2004 kuna kipepeo wa Costa Rica walisema ni spishi 10 ndani ya jina moja, 2006 mtu mwingine akachambua data zilezile akasema zinabeba 3 mpaka 7. Kwa hiyo mashine nayo inahitaji mtu wa kubishana nayo.

Wanaosema kukusanya ni ukatili niwakumbushe furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Watafiti wa Kiholanzi kutoka mji wa Leiden walianza kuwakusanya Ghuba ya Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla sangara hajawamaliza, na kuna furu ambao leo utawaona kwenye chupa za huko tu, rangi zimeshatoka kwenye spiriti lakini wapo. Bila zile chupa tusingejua hata tulichopoteza. Kinachoniuma ni kwamba mtoto wa Kirumba akitaka kuwaona apande ndege, na vipepeo wa Carpenter wako Oxford.

Msimamo wangu, chukua wachache, andika lebo kamili, mahali, tarehe, mmea aliokuwa juu yake, maana lebo za zamani nyingi zina jina la nchi tu na mdudu wa hivyo ni kama bubu. Dogo nimemwambia arudi palepale amvizie jike akitaga. Akitaga kwenye Portulaca, yale majani manene yanayotambaa, ni misippus, akitaga kwenye mmea wa utomvu mweupe ni Danaus, na hapo hajaua mtu.