Kiingilio cha familia na picha zilizofifia

Familia inalipa kiingilio ikaone michoro ya mchoraji Mholanzi Van Gogh, ikirushwa na projekta, ikitembea kwenye kuta za ukumbi wa harusi, Mbeya au Iringa, kisha inatoka mapema ikilalamika kuwa imeliwa. Waandaaji hujitetea: mchoro halisi nani angeuleta? Hapo wana hoja. Van Gogh alifariki 1890, kazi zake hazina tena hakimiliki, na turubai halisi haisafiri bila bima kubwa na chumba chenye unyevu uliodhibitiwa. Mtoto wa Mafinga au Tukuyu ataziona kwa projekta au kitabuni.

Utetezi huo unakwama kwenye hesabu ya mwanga. Projekta ya semina ya lumeni 5,000 (kipimo cha mwanga wote inaotoa), ikifunika mita 3 kwa 2, inatoa takribani luksi 830, yaani mwanga unaofika kila mita ya mraba ya ukuta. Itanue ifunike ukuta wa mita 10 kwa 5, zinabaki luksi 100. Pazia jepesi na jua la saa nane mchana vinatosha kuzifuta. Bluu ya usiku inakuwa kijivu, maana projekta hairushi weusi. Weusi ni ukuta usiomulikwa, na ukuta huo tayari unamulikwa na dirisha.

Nukta nazo zinavimba. Picha yenye pikseli 1,920 kwa upana, ikivutwa hadi mita 10, kila pikseli inafikia milimita 5. Mtu mzima aliyesimama mbali hazioni, ila watoto hawasimami mbali. Wanakimbilia ukuta, na vivuli vyao vinakula picha, kwa sababu lenzi ya kawaida huhitaji kama mita 15 kupata upana huo, kwa hiyo mwanga unapita katikati ya watu. Dawa ni lenzi fupi iliyofungwa darini, karibu mita 5 tu kutoka ukutani. Inagharimu, ndiyo maana wengi huikwepa. Mvua ya Januari ikipiga bati, muziki nao umekwisha.

Wazazi wana sehemu yao. Kwenda saa saba mchana badala ya saa moja usiku ni kujitakia, na wengine huingia katikati ya mzunguko wa picha wakatoka kabla haujaanza upya. Hata hivyo lawama kubwa naiweka kwenye bango. Glasgow, Uskoti, Februari 2024, matangazo ya picha zilizobuniwa na kompyuta yaliuza tiketi za hadi pauni 35 za onyesho la watoto kuhusu chokoleti. Watoto wakakuta ghala karibu tupu na peremende chache, polisi wakaitwa. Projekta hafifu inasameheka, bango la uongo halisameheki.

Kabla ya kulipa, mpigie mwandaaji umuulize: projekta ngapi, za lumeni ngapi, ukuta wa ukubwa gani, madirisha yamezibwa na kitu gani? Akianza kukusimulia maisha ya Van Gogh, muulize tena.