Saa Thelathini Barabarani kwa Dakika Tisini

Ukivuka daraja la Rusumo kwa basi la Kitanzania, kitu cha kwanza kukushtua ni mlango. Rwanda magari hupita kulia na mlango wa basi letu uko kushoto, kwa hiyo kila tuliposimama tulishukia katikati ya barabara. Konda alikuwa anaruka chini wa kwanza, anatanua mikono kama kipa anayesubiri penalti, magari yakisimama ndipo tunateremka mmoja mmoja na jezi zetu za kijani na njano, miguu imevimba, huku Wanyarwanda wakitutazama kwa upole kama watu waliozoea wageni wenye mambo yao.

Hiyo ilikuwa Septemba 2023. Yanga ilikuwa inacheza na Al Merrikh ya Sudan kutafuta nafasi ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, hatua ambayo haikuwa imeigusa tangu 1998. Vita vilikuwa vimeifukuza Al Merrikh kwao Omdurman, ikaazima uwanja wa Pele pale Nyamirambo, Kigali, uwe nyumbani kwake. Sisi tukaja na mabasi kutoka Dar, zaidi ya kilomita 1,400, tukakalia majukwaa. Asiyejua angedhani wenye uwanja ni sisi. Musonda akafunga, Mzize akafunga, mbili bila, tukarudi zetu.

Tangu siku hiyo kuna mabishano kijiweni kwetu ambayo hayajaisha. Jirani yangu mmoja, Simba damu na mtunza hesabu kwa kazi, ana hoja moja tu na huirudia bila kuchoka: mechi hiyo ilionyeshwa kwenye king'amuzi. Kibanda umiza kingekutoza kiasi ambacho hakifiki hata bei ya soda mbili. Wewe umelipa nauli, umelipa hati ya kusafiria, umekula siku nne njiani, umeomba ruhusa kazini kwa uongo wa msiba. Umepata nini ambacho mimi niliyekaa kwenye benchi sikukipata?

Ni swali la haki, na majibu mengi tunayompa ni ya kujifariji.

Tuanze na jibu tunalolipenda kuliko yote, kwamba timu inatuhitaji, kwamba mchezaji wa kumi na mbili ni shabiki. Rekodi yetu wenyewe inasema nini? Klabu za Tanzania zimefika fainali ya mashindano ya Afrika mara tatu. Mwaka 1993 Simba ilienda Abidjan kucheza na Stella katika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ya bila kufungana mbele ya watu wa wenyewe. Kazi ngumu ilikuwa imekwisha. Ikaja kumalizia Dar es Salaam, nyumbani, uwanja umetapika, ikafungwa mbili bila. Mwaka 2023 Yanga ikaingia fainali ya Kombe la Shirikisho na USM Alger ya Algeria. Kwa Mkapa, uwanja wa watu 60,000, Mayele alisawazisha dakika ya 82 na hata shangwe hazijatulia Waarabu wakaweka la pili. Wiki iliyofuata, Algiers, katikati ya watu wasiotutaka, Djuma Shaban akapiga penalti ikaingia, tukashinda moja bila. Jumla mbili kwa mbili, kombe likaenda kwao kwa sheria ya bao la ugenini. Yaani makombe mawili hayo tuliyapoteza mahali tulipokuwa wengi zaidi. Ya tatu, Simba na RS Berkane mwaka 2025, ndiyo inayompa nafuu kidogo mwenye hoja ya kelele: Simba ilifungwa mbili bila kule Morocco, na sare ya moja moja ya Zanzibar haikutosha.

Sisemi kelele hazina kazi. Ulaya walipocheza bila watu mwaka 2020 kwa sababu ya korona, watafiti wengi walichungulia hasa ligi ya Ujerumani, maana ndiyo ligi kubwa iliyotangulia kurudi. Ushindi wa nyumbani ulipungua, na marefa waliacha kuwaonea wageni kwenye kadi kama walivyozoea. Kumbe kelele humfikia refa kabla ya kumfikia mshambuliaji. Ila hizo ni kelele za makumi ya maelfu. Mashabiki mia tatu waliowekwa kona ya juu kabisa, askari wamewazunguka, refa hata hawaoni. Na siku hizi kuna VAR, waamuzi wanaorudia tukio kwenye video. Aprili 2024, Yanga ikicheza na Mamelodi Sundowns uwanja wa Loftus Versfeld pale Pretoria, Aziz Ki wetu alipiga shuti likagonga mwamba, likadunda, na Mtanzania yeyote atakula kiapo kwamba mpira ulivuka mstari. Watanzania wanaoishi Afrika Kusini walikuwa uwanjani, wamepaza sauti zote walizonazo. Chumba cha VAR hakina dirisha. Bao halikuwa bao, tukatolewa kwa matuta 3-2.

Kwa hiyo mtu akiniambia anasafiri ili timu ishinde, namwambia ale hiyo nauli na watoto wake.

Hoja ya pili ni ya usalama, na hapa nasita zaidi. Kundi la wageni ni rahisi kulichokoza na ni rahisi lenyewe kuchokoza. Tuliliona kwetu Desemba 2024, Simba ilipoifunga CS Sfaxien dakika za mwisho kabisa, Watunisia waliokuja kama wageni wakang'oa viti vya Mkapa na kuvirusha, na wenyeji nao hawakukaa kimya. Adhabu ikawaangukia ambao hawakuwepo: Simba ikalazimika kucheza na CS Constantine Januari iliyofuata uwanja ukiwa mtupu. Na kuna balaa kubwa zaidi ya viti. Port Said, Misri, Februari 2012, mashabiki wa Al Ahly waliosafiri kuifuata timu yao walivamiwa baada ya filimbi ya mwisho. Watu 74 walikufa. Ile haikuwa hata nchi ya kigeni, ilikuwa ni mji mwingine tu. Ninapofikiria hilo, ndipo naona tunavyosafiri kienyeji. Basi letu halikuwa na orodha ya abiria iliyokamilika, halikuwa na mtu anayejua zahanati ya karibu na uwanja iko wapi. Tairi lilipasuka jirani na Nyakanazi saa nane usiku, na tochi zilizotumika zilikuwa simu zetu.

Hapo wenzetu wametuacha mbali. Uingereza shabiki mgeni ana mgao wake uliowekwa na kanuni, anaingia kwa lango lake, na tangu msimu wa 2016/17 klabu za ligi kuu haziruhusiwi kumtoza zaidi ya pauni 30 kwa tiketi. Walifika hapo kwa sababu mashabiki walilalamika kwa miaka, na kwa sababu jukwaa lisilo na wageni halipendezi kwenye televisheni. Hapa kwetu klabu inatangaza safari, inataja bei, inasema "Wananchi tujitokeze", basi. Ukifika mpakani huna hati, hiyo ni shida yako. Pasipoti ni shilingi 150,000, na wengi kwenye basi letu walikuwa na hati ya dharura tu, karatasi iliyokunjwa mara nne na kuwekwa kwenye sidiria au soksi.

Na kuna jambo la nani analipa. Mwaka 2023 serikali ilitoa ndege kuipeleka Yanga Algiers pamoja na mashabiki. Nilifurahi kama kila mtu, sitajifanya mtakatifu. Lakini kiti cha ndege ya bure hakimfikii muuza mkaa wa Buza. Kinamfikia anayemjua mtu. Nikiulizwa, ningependa fedha ya aina hiyo iende kwenye mabasi kumi ya Ndola au Lubumbashi, yenye dereva wawili wawili na nesi mmoja, kuliko ndege moja ya kwenda Afrika Kaskazini na picha zake za mitandaoni.

Sasa, pamoja na hayo yote, mbona nitaenda tena?

Kiti cha pembeni yangu alikaa mama mmoja wa tawi la Mbagala, muuza vitumbua, umri wa mama yangu. Alikuwa na ndoo yenye mfuniko, kanga mbili na vuvuzela. Amechangia safari hiyo kupitia kikoba chao, elfu mbili mbili, tangu ratiba ilipotoka na hata kabla. Pale Rusumo ofisa wa uhamiaji alipogonga muhuri kwenye hati yake, alibaki dirishani. Nyuma foleni inasukuma. Akanigeukia, akanionyesha wino ambao ulikuwa bado unang'aa.

"Mwanangu, mimi Kenya nimeiona kwenye tivii, Uganda kwenye tivii. Hii ndiyo mara ya kwanza nchi kunipokea."

"Hongera mama. Sogea basi, wenzako wanasubiri."

"Wasubiri. Miaka hamsini na tisa mimi nimesubiri."

Mama huyu hana shangazi Kigali, hana biashara Kampala, hana semina ya kuitwa. Watu wa hali yetu tuna sababu chache sana za kuvuka mpaka: ugonjwa, msiba, kutafuta kazi. Mpira umetuongezea moja ya furaha. Jirani yangu akisema mechi ilikuwa kwenye king'amuzi, ni kweli, lakini king'amuzi hakikuonyesha vijana wa Nyamirambo waliotuuzia brosheti, yaani mishikaki yao, na kujibu Kiswahili chetu kwa Kiswahili chao, wala ule usiku tulioimba kuanzia Singida hadi Nzega mpaka dereva akaomba tunyamaze aweze kusikia injini yake.

Kwa hiyo hesabu ninayoifanya siku hizi haihusu timu. Naangalia umbali, naangalia kama kuna barabara, naangalia kama nina deni la ada. Kigali, Ndola, Lubumbashi, Nairobi, naenda. Casablanca na Algiers nawaachia wanaoishi huko na wenye uwezo. Na kuna misimu ambayo "ugenini" huja yenyewe hadi mlangoni: mwaka ule ule wa 2023 ASAS ya Djibouti ilicheza na Yanga mechi zote mbili Azam Complex, tukaenda ugenini Chamazi kwa daladala na kurudi kabla ya chakula cha usiku. Sikuisimulia kwa mtu yeyote.

Wakati wa kurudi kutoka Kigali, mama wa Mbagala alimsihi dereva asimame Kahama. Akashuka, akapatana kwa dakika kumi, akarudi na kijana amebeba gunia la mchele. Alikuwa ameshapiga mahesabu: bei ya Kahama, bei ya Mbagala, tofauti yake inarudisha karibu nusu ya nauli. Likawekwa kwenye ujia, tukawa tunaliruka mpaka Dar. Tulipopita Dodoma watu wengi walikuwa wamelala. Yeye akaniamsha kwa kiwiko kuniuliza, tukiingia makundi, yale makundi yana Zambia?