Mistari mitano ya Dockerfile haitoshi

Kuna Dockerfile moja (faili la maelekezo ambalo Docker hulifuata kujenga mfumo) inayosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya vijana wanaotengeneza mifumo hapa Tanga. Ina mistari mitano: `FROM python:3.12`, `WORKDIR /app`, `COPY . .`, `RUN pip install -r requirements.txt`, na mwisho `CMD python manage.py runserver 0.0.0.0:8000`. Mtu anaendesha `django-admin startproject`, amri ya kuanzisha mradi wa Django (fremuweki ya Python ya kutengenezea tovuti), anaibandika Dockerfile humo, mfumo unafunguka kwenye kivinjari, anamwambia mteja kazi imekwisha. Haijaisha. Mradi unaozalishwa na amri ile umepangwa kuishi kwenye laptopu ya aliyeuzalisha. Ukiutia kwenye kontena (boksi la Docker linaloendesha mfumo peke yake) bila kugusa mipangilio yake, unamwachia mteja hasara ambayo ataijua siku imeshamfika.

Hasara kubwa ni ya data. `settings.py` (faili la mipangilio) inayozalishwa inatumia SQLite, na hifadhidata nzima ni faili moja, `db.sqlite3`, lililokaa jirani na `manage.py`. Chukua mfumo wa kupokelea machungwa Muheza. Karani anaandika jina la mkulima, idadi ya matenga, kiasi anachodai. Yote hayo yanaingia ndani ya kontena. Baada ya wiki unarekebisha ripoti na kuendesha `docker compose up --build -d`. Docker inaondoa kontena la zamani, inawasha jipya kutoka kwenye imeji mpya (kifurushi kilichojengwa kwa Dockerfile), na kazi yote ya karani imekwenda na lile la zamani. Tena `COPY . .` imebeba `db.sqlite3` ya laptopu yako, kwa hiyo mfumo hautoi kosa lolote. Unafunguka vizuri kabisa, na kwenye orodha ya wadai amekaa "Mkulima Jaribio 1" anayedai shilingi 100. Mkulima wa kweli, aliyetoa machungwa yake kwa kuamini kwamba jina lake limeandikwa, hana tena cha kuonyesha. Hili halivumiliki, na kulizuia hakuna ugumu wowote.

Hifadhidata iwe kwenye kontena lake, Postgres (seva ya hifadhidata), na data ikae kwenye voliumu yenye jina (hifadhi ya Docker inayobaki hata kontena likiondolewa): `pgdata:/var/lib/postgresql/data` kwa toleo la 17 kurudi nyuma, kuanzia 18 imeji rasmi inataka `/var/lib/postgresql`. Kwenye `settings.py`, `HOST` iwe jina la huduma hiyo kwenye faili la Compose, tuseme `db`. Ukiacha `localhost`, Django itaitafuta Postgres ndani ya kontena lake yenyewe na haitaikuta. Picha na nyaraka wanazopakia watumiaji zipewe voliumu yake. Andika `.dockerignore`, orodha ya yasiyoingia kwenye imeji, yenye `db.sqlite3`, `.env`, `.git`, `venv` na `media`. Usizoee kuandika `docker compose down -v`, kwa sababu hiyo `-v` inafuta voliumu. Na voliumu si bakapu: endesha `pg_dump` (amri ya kunakili hifadhidata) kila usiku, faili liende kwenye diski nyingine.

Kisha zima `DEBUG` (hali ya kutafutia makosa) kwenye `settings.py`, maana ikiwa wazi kila mgeni anayekutana na kosa anaonyeshwa njia za mafaili na vipande vya kodi yako. Ukiizima na kuhamia Gunicorn, seva ya programu za Python inayoshika nafasi ya `runserver` (`--bind 0.0.0.0:8000`, kwa kuwa ikiachwa hivihivi inasikiliza 127.0.0.1 tu), kila ombi litarudi na 400 mpaka ujaze `ALLOWED_HOSTS`, orodha ya majina ya tovuti yanayoruhusiwa. Halafu ukurasa wa admin utatoka mtupu: viungo vya buluu vimejipanga kushoto, hakuna rangi, hakuna fremu. Hapo ndipo wengi wanaporudisha `DEBUG = True`. Usirudishe. Aliyekuwa akitoa mafaili ya CSS ni `runserver`, na Gunicorn haifanyi kazi hiyo. Weka WhiteNoise, maktaba ya kutoa mafaili hayo, kwenye `MIDDLEWARE` mara tu baada ya `SecurityMiddleware`, taja `STATIC_ROOT` (folda ya kuyakusanyia), na uendeshe `collectstatic` inayoyakusanya wakati imeji inajengwa. Kama `SECRET_KEY` (ufunguo wa siri wa Django) inasomwa kutoka kwenye vigeu vya mazingira, kama inavyopaswa, ujenzi utakwama hapo; upe ya muda kwenye mstari huohuo: `RUN SECRET_KEY=ya-muda python manage.py collectstatic --noinput`.

Bando nalo lina gharama, na mistari ile mitano inalichoma bure. Ukinakili kodi yote kabla ya `pip install`, kubadili herufi moja kwenye templeti kunabatilisha tabaka lile (hatua ya ujenzi ambayo Docker huihifadhi) na yote yanayofuata, na pip inapakua kila kitu upya. Nakili `requirements.txt` peke yake, sakinisha, ndipo unakili mengine. Tumia `python:3.12-slim`, ile kamili inakaribia GB 1 ikishafunguka kwenye diski. Imeji ya Alpine ni ndogo zaidi, lakini maktaba isiyo na kifurushi cha musl (maktaba ya C ya Alpine) itakulazimisha kuijenga kwa gcc, yaani kikusanyaji cha C.

Anayeandika `entrypoint.sh`, skripti inayoendeshwa kontena linapowashwa, kwenye Windows ataambiwa "no such file or directory" na faili analiona kwa macho. Ni miisho ya mistari ya CRLF (mtindo wa Windows), weka `*.sh text eol=lf` kwenye `.gitattributes`. Faili hilo limalizike kwa `exec "$@"`, la sivyo Gunicorn haipati ishara ya kusimama na Docker inaiua baada ya sekunde 10. Kwenye faili la Compose, `depends_on` tupu haisubiri Postgres iwe tayari. Ongeza `healthcheck` ya `pg_isready` na `condition: service_healthy`.

Nakubali kwamba mfumo mmoja kwenye seva moja unaweza kuendeshwa kwa venv (folda ya maktaba za Python za mradi) na systemd (kisimamizi cha huduma za Linux) bila kontena. Na Rails, fremuweki ya Ruby, tangu 7.1 ya mwaka 2023, inazalisha Dockerfile yenye mtumiaji asiye root (msimamizi mwenye mamlaka yote). Startproject ya Django haikupi hata faili tupu, kwa hiyo kazi hii ni yako.

Kwa mteja wa Pangani au Lushoto mwenye mtandao wa kusuasua, usimlazimishe kuvuta imeji. Endesha `docker save mfumo:1.4 postgres:17 | gzip > mfumo.tar.gz`, tia kwenye flashi, na kwake uandike `docker load -i mfumo.tar.gz`. Ukijengea kwenye Mac ya M1 au ya baada yake, ongeza `--platform linux/amd64` (prosesa za Intel na AMD), Postgres nayo uivute kwa `--platform` hiyohiyo, la sivyo seva yake itajibu "exec format error". Taja namba ya toleo badala ya `latest`, na uiache 1.3 kwenye mashine yake mpaka 1.4 imemaliza siku kadhaa bila tatizo.