Tingatinga halitamaliza ujenzi holela

Kila nyumba zinapobomolewa, maelezo ya wakubwa ni yaleyale: wananchi hawana elimu ya mipango miji. Sikubaliani. Anayejenga bila kibali mara nyingi anajua fika kwamba kibali kinatakiwa. Amepiga hesabu, akaona hawezi kukigharamia.

Sheria inataka kiwanja kisichopungua ukubwa fulani, ramani ya msanifu aliyesajiliwa, hati miliki, ada, ukaguzi. Kila sharti lina sababu yake, sibishi. Ila yote hulipiwa kwa mkupuo kabla ya tofali la kwanza, na mtu wa kipato kidogo hajengi kwa mkupuo. Hujenga chumba kimoja, akahamia, akaongeza kingine akipata. Sheria haimjui mjenzi wa namna hiyo. Inamjua mwenye mkopo wa benki, na benki nayo haimtaki asiye na mshahara.

Muda nao ni gharama. Mchumi Hernando de Soto na wenzake walifuatilia taratibu za Peru wakakuta kwamba kupata ruhusa halali ya kujenga nyumba kwenye ardhi ya serikali kulihitaji miaka 6 na miezi 11, hatua 207 katika ofisi 52. Mpangaji anayedaiwa kodi kila mwezi atasubiri vipi?

Halafu kuna majirani, jambo ambalo watunga sera hulipita haraka mno. Mtu akiuziwa ardhi mbele ya mashahidi na mtaa mzima ukajua ni yake, ulinzi huo huuamini kuliko karatasi ya ofisini. Akiona jirani aliyejenga bila kibali ameunganishiwa maji na umeme, ameshafundishwa sheria kwa vitendo. Na likisimama ghorofa ukingoni mwa mto, mwenyewe akatozwa faini akaendelea kupaua, ndiyo basi tena. Kwa tajiri, faini imo kwenye bajeti.

Jiji la Recife, Brazili, lilianza mwaka 1983 kuyatambua makazi ya watu maskini kama maeneo maalumu yenye masharti yake, na mwaka 2001 sheria ya taifa ikaupa utaratibu huo nguvu nchi nzima. Haukumaliza matatizo, lakini ulikubali kwamba watu wale wapo na wataendelea kuwapo.

Mimi ningepunguza masharti. Mkondo wa maji, mwinuko unaoporomoka, njia ya gari la zimamoto: hapo nisingemsikiliza mtu, awe na cheo au asiwe nacho. Ukubwa wa kiwanja na idadi ya vyumba ningewaachia wenye nyumba, wajenge kidogokidogo na kibali kiwafuate hatua kwa hatua, kwa ada ndogo.