Kuboresha mtaa au kuhamisha watu: Dar es Salaam imejaribu yote mawili

Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam ina watu milioni 5.38. Wengi wao wanaishi kwenye mitaa ambayo nyumba zilitangulia na ramani ikafuata, kama imefika: Manzese, Tandale, Vingunguti, Buguruni, Keko. Wapo wanaotaka mitaa hii ivunjwe na watu wapewe viwanja vilivyopimwa nje ya mji. Wapo, nami ni mmoja wao, wanaotaka iboreshwe hapo hapo ilipo.

Hoja ya wanaotaka kuhamisha ina uzito. Nyumba ikishika moto Manzese ndani ndani, gari la zimamoto halipiti. La kunyonya maji taka nalo halifiki, kwa hiyo mvua ikinyesha watu hutapisha vyoo, na uchafu wote hushuka kwa jirani wa chini. Huwezi kumwambia mama mwenye watoto wadogo avumilie hali hiyo kwa sababu mtaa una historia.

Ndiyo maana mwaka 2002 serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000, Mbweni, Bunju, Kibada, Tuangoma na kwingineko. Upimaji ulikuwa mzuri. Ila bei na umbali vilichagua wanunuzi: mama lishe wa Tandale hakuwa miongoni mwao, na viwanja vingi vilikaa miaka bila kujengwa huku vikisubiri thamani ipande.

Mabwepande ndiyo inayonisumbua zaidi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika wa bonde la Msimbazi walipelekwa huko, mbali kabisa kaskazini mwa jiji, wakapewa viwanja. Anayeishi kwa kubeba mizigo Kariakoo alijikuta sehemu kubwa ya kipato chake inaishia kwenye daladala. Baadhi walirudi bondeni, na siwalaumu. Kiwanja bila riziki hakilishi mtu.

Upande wa pili, tunayo Hanna Nassif, Kinondoni. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, kwa msaada wa kitaalamu wa Shirika la Kazi Duniani, wakazi walichimba mifereji na kutengeneza barabara za mtaa wao, wakalipwa ujira kwa kazi hiyo. Fedha ya mradi ilizunguka humo humo mtaani, kwenye magenge na maduka yao. Mafuriko yakapungua. Watu waliendelea kwenda kazini kwa miguu, na majirani waliozoeana hawakutawanywa.

Lakini kodi zilipanda. Hapa sisi tunaotetea uboreshaji huwa tunapita haraka, na si haki. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba kama sita, ukumbi katikati, jiko na choo uani; mwenye nyumba anakaa kimoja au viwili, vilivyobaki wamo wapangaji, kila familia chumba chake. Barabara ikipita mlangoni, mwenye nyumba anapata thamani, mpangaji anapata taarifa ya kodi mpya, na pengine anatakiwa alipe miezi sita kwa mkupuo. Akishindwa, anahamia bonde jingine. Tatizo limehama naye.

Basi msimamo wangu una masharti. Bondeni kwenyewe, ambako maji yana njia yake, watu wahame, walipwe kabla ya kuvunjiwa, na wapelekwe mahali ambapo nauli ya kwenda kazini haiwamalizi. Kwingine tuboreshe, na halmashauri ifunge mkataba na mwenye nyumba kabla kijiko hakijaingia mtaani: kodi ibaki ilivyo kwa miaka itakayokubaliwa, ilipwe mwezi kwa mwezi, na wapangaji wawe na wajumbe kwenye kamati ya mradi. Bajeti itenge pia fedha za kuzibua mifereji kila mwaka kabla ya masika, maana mfereji uliojaa mchanga na chupa za maji humwaga maji yake yote ndani ya nyumba za watu.